Koti Lisilopitisha Mvua wala Shikamoo

Nyie wa Mtinko mnaonizunguka kisimani na kuuliza koti langu jipya limekatwa kichwa na nani, leo naeleza. Naeleza mara moja tu, na wa kucheka wacheke kwa zamu.

Safari yenyewe ilianza kwa sababu ya kuku. Tangu mambo yawe ruksa, mjini kila mtu kawa mfanyabiashara. Bwana Idi, yule mwenye duka karibu na soko la Singida Mjini, alitaka kijana wa kumzungukia vijijini anunue kuku wa kupeleka Dodoma. Akanichagua mimi kwa ajili ya mdomo.

"Wewe Hango una maneno," aliniambia. "Nenda Issuna kwa Mzee Ntandu. Nimeshamtumia salamu, anajua unakuja. Akikukubali yeye, kijiji kizima kitakuuzia. Akikukataa, rudi kwenu ukalime uwele. Mpelekee ugoro, anaupenda. Na utafute koti la mvua la maana, la kuingia nalo ofisini kwa bwana mifugo na la kupita nalo kwenye matope."

Asubuhi mama akanisindikiza mpaka barabarani. "Chukua koti la kudumu," akasema, "usichukue la kujionyesha."

"Mama, nitatafuta linalodumu kujionyesha."

Akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwenye safari ile mtu kucheka kwa sababu niliyoitaka mimi.

Singida Mjini nilishushwa na lori la vitunguu, nanuka kama mboga, nikaenda moja kwa moja mitumbani. Zamani kidogo tulipanga foleni duka la kijiji kupata kipande cha kaniki. Sasa marobota yanapasuliwa chini juu ya turubai, unachagua mwenyewe. Kafa Ulaya, tunaziita nguo zile. Sijui huko walikufa wangapi, maana makoti peke yake yalikuwa kichuguu.

Muuzaji aliitwa Mama Zuwena, mama wa mjini, ushungi kichwani na birika la maji pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza koti la wapi.

"La mjini na la shamba, Mama. Lote moja."

"Mwanangu, unataka mke mmoja apike na aendeshe trekta. Haya, jaribu hili."

La kwanza lilikuwa la raba nyeusi, zito kama mlango. "Hilo halivuji mpaka kiama," akasema. Kweli halivuji, lakini nilipolifunga tu jasho likaanza, nikaona nitalowa kwa ndani badala ya nje. Isitoshe nilinuka tairi. La pili lilikuwa la kaki, linang'aa, nikalipenda. Mama Zuwena akalimwagia maji ya birika. Maji yakakaa kidogo kwa heshima, halafu yakadondoka juu ya viatu vyangu.

La tatu lilikuwa la bluu, jepesi. Akalikunja kama bakuli, akamimina maji, tukasubiri. Akamuuzia mtu shati, tukaendelea kusubiri. Maji yakakaa humo kama yamepanga chumba. Akayamwaga, akaligeuza ndani nje.

"Angalia mshono. Umebandikwa utepe kwa ndani. Usipouona huo, maji yanaingilia kwenye matundu ya sindano. Na zipu hii ina kifuniko, unaona? Zipu ikiwa wazi ndiyo mlango wa mvua."

Nikalivaa. Lilikuwa na kofia yake, imeshonewa humo humo, nzito, ina kamba za kufunga kidevuni. Nikaivuta, nikafunga, nikajitazama kwenye kipande cha kioo. Jamani, nilipendeza. Nikaona midomo ya Mama Zuwena inakwenda, mkono wake umeshika mfuko wa kulia. Nikajua anausifia. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwonyesha dole gumba. Akasema tena, nikaitikia tena. Akainua mabega, akapokea hela yake. Mimi nikatumbukiza kopo la ugoro kwenye mfuko ule ule, nikachukua na tenga la kuku, nikaenda zangu stendi.

Mchana basi likaniteremsha Issuna. Njia nzima jua lilikuwa linapiga yale majabali yetu, na mimi nimekaa na koti, nachemka, sitaki kulivua wasije wakadhani si langu. Nilipokanyaga chini tu, mvua ikashuka. Ilikuja kama mtu kapiga teke ndoo. Moyo wangu ukafurahi. Nikafunga kofia mpaka kidevuni.

Pale kituoni kulikuwa na kibanda, wazee wamejibanza chini ya paa. Mmoja mwenye shati jeupe akainua mkono. Nami nikainua wangu, nikaupunga kama mgombea yuko juu ya gari, nikapita. Nyumba ya Mzee Ntandu nilishaelekezwa na konda: fuata njia ya katikati ya alizeti, usikunje popote.

Ndani ya kofia ile ni dunia nyingine. Mvua inapiga kama mahindi yanamwagwa kwenye bati, na kila ukigeuza shingo, kwaru, kwaru. Nikaimba peke yangu. Nikakutana na kina mama wawili wamejifunika nailoni za mbolea, nikawapungia pia. Nilitembea kwa mwendo wa kupigwa picha.

Kwa Mzee Ntandu nikapiga hodi. Akatoka bibi mmoja, mke wake. Nikafungua kofia, nikamwamkia vizuri kabisa.

"Marahaba, mjukuu. Karibu. Mzee yuko wapi?"

"Mimi ndiye namuulizia, Bibi."

Bibi akaangalia nyuma yangu. "Kaenda kituoni kukupokea. Tangu asubuhi."

Hapo hapo kwenye alizeti akatokeza mtu. Shati jeupe limemganda mbavuni, suruali imepandishwa magotini, viatu kavishika mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa na kopo la ugoro. Anahema.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

Hakujibu. Alikaa kwenye kigoda, akakamua shati, akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Kijana unakimbia," akasema. "Pale kibandani nilikuita mgeni. Ulipoangusha hili kopo nikakuita mjukuu. Kule katikati ya alizeti nikakuita majina mengine, Mungu anisamehe."

Nikatia mkono mfukoni. Vidole vikatokea upande wa pili.

"Samahani, Babu. Ni koti hili, halipitishi maji hata kidogo." Nilidhani atacheka.

"Wala maneno," akasema.

Nikampa... hapana, sikumpa. Kopo alikuwa nalo mwenyewe. Zawadi yake kaiokota matopeni, kaniletea mbio kwenye mvua, na mimi nimesimama mbele yake vidole vimetokeza mfukoni. "Babu, hiyo ni yako," nikasema. Akalifungua. Ugoro ulikuwa uji.

Bibi akaja akashika mkono wa koti langu, akapapasa kifuani, akapitisha kidole shingoni. "Mkavu," akamwambia mume wake. Kisha akanitazama usoni. "Mkavu mpaka macho."

Mnajua wenyewe tunamaanisha nini tukisema mtu ana macho makavu. Mtu asiye na aibu. Nami aibu niliyokuwa nayo saa ile ingetosha kulowesha kijiji, ila ilikuwa ndani, haionekani. Nilitamani nitoke nje nikanyeshewe.

Asubuhi iliyofuata manyunyu yalikuwa hayajakatika. Nililiacha koti kwenye msumari, nikamfuata Mzee Ntandu nyumba kwa nyumba na tenga langu tupu kichwani. Kila nyumba alikuwa na maneno yale yale: "Huyu ndiye yule wa jana." Nami nasema shikamoo, maji yananichuruzika puani. Wanaitikia marahaba, wanatabasamu, wananipa kigoda. Kuku je?

"Wetu wanataga, mwanangu," anasema mama mmoja, na jogoo kasimama mlangoni anawika.

"Wetu wanaumwa," anasema mzee aliyekuwa kibandani. Halafu akanipungia mkono, polepole, kama mgombea. Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanyaje?

Tulipomaliza, Bibi akakamata tetea mmoja wa kwake. "Usirudi mtupu," akasema. Hakutaka hela yangu.

Na Mzee Ntandu akanipa salamu za kumpelekea Bwana Idi: "Mwambie kijana si mbaya. Amlete tena kiangazi."

Kurudi, basi lilijaa. Tenga langu la kubeba kuku wa kijiji kizima likapandishwa juu ya keria na tetea mmoja kajikunyata kwenye kona. Mvua ikaanza, nikapanda nikamfunika kwa koti, nikarudi kukaa nalowa kwenye dirisha bovu. Konda akapiga kelele abiria wote wasikie: "Kaka, huyo kuku kapanga nyumba nzima peke yake? Na koti kavaa yeye!"

Bwana Idi alichungulia tenga, akaniangalia. Nikampa salamu zake kama zilivyo.

"Kiangazi? Kwani wewe una ugonjwa wa mvua?" Nikalifunga tenga. "Hango, mbona leo huna maneno?"

Nikatoka nikaenda kwa Mama Zuwena. Aliponiona na kidole kimetokeza mfukoni akajipiga paja. "Si nilikwambia? Nilisema chini pamefumuka, ngoja nikupigie sindano. Wewe unanionyesha dole!"

Akaushona mfuko. Nikamwomba na mkasi.

Kwa hiyo wenye kwenda kununua, nawapa niliyoyapata. Mwageni maji, mngoje. Angalieni utepe wa mshono na kifuniko cha zipu. Ingizeni mkono mifukoni mpaka mwisho. Halafu vaeni kofia, mwambieni muuzaji awaite kwa sauti ya kawaida, ya mtu mzima aliyechoka. Usiposikia, liache hapo hapo, hata kama umependeza.

Langu nilishalinunua. Kofia nimeikata mwenyewe, palepale mitumbani, na Jumatatu narudi Issuna na ugoro mwingine. Mvua bado inanyesha huko, najua. Lakini kiangazi ni mbali, na wale wazee wote bado wananidai shikamoo ya njiani.