Sare ya Noeli na Mgongo wa Gunia

Najua munacheka, chekeni, ile aibu mimi nimeimeza miaka mingi, niligaagaa kwenye mafuta mbele ya kanisa zima siku ya Noeli na sikatai, lakini leo nitaisema mpaka mwisho, maana aliyeanguka ni mimi ila wa kuchekwa hakuwa mimi.

Ilikuwa Rumonge, miaka ile baada ya uhuru. Sisi tuliovuka kutoka Kongo tukikimbia vita tulikuwa na kanisa letu karibu na ziwa, na korali ya wamama ambayo watu walitoka mpaka Kabonga kuja kuisikiliza. Na tuseme kweli, hawakuja kwa ajili yetu, walikuja kwa ajili ya wifi yangu Eliza. Yule mwanamke akianza kuimba hata mutoto mwenye kulia ananyamaza.

Sasa Noeli inakaribia, prezidanti wa korali, Mama Jeremia, anasimama mbele yetu na kitenge cha bluu chenye maua ya njano, anasema, "Wamama, hii ndiyo sare. Mwenye hana sare, siku ya Noeli haimbi." Na kitenge chenyewe kinauzwa wapi? Dukani kwa mume wake! (Nililiona hilo siku hiyohiyo na nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nakitamani, macho yangu haya.) Eliza akauliza kwa upole, "Mama, na sisi wake za wavuvi?" Maana mwezi ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwa mkubwa ndagala hazifuati taa, wanaume wanalala tu, nyumba nzima inakula muhogo na chumvi. Mama Jeremia akamjibu, "Yesu anastahili wamama wasafi." Wasafi! Eti umaskini ni uchafu! Nilitaka kumrukia.

Eliza akasema basi, atabaki nyumbani. Noeli bila Eliza? Hapo ndipo nikajifanya mwerevu. Nikauza jogoo wangu, nikanunua pande moja tu la kitenge, tukalikata katikati, nusu kifua changu, nusu kifua chake, na mgongo tukashona kwa magunia meupe ya unga, yale tuliyopewa misioni tulipofika, yenye maandishi makubwa meusi ya Kifaransa. Korali si inasimama ukutani? Tutaingia kabla ya watu, tutatoka baada ya watu, nani ataona? "Wifi," Eliza akaniuliza, "na Mungu je?" Nikamwambia Mungu iko na kazi nyingi siku ya Noeli.

Siku ikafika, kanisa limejaa, matoleo yamepangwa chini ya mimbari, ndizi, kuku, na debe zima la mafuta ya mawese. Pasta akahubiri hori ya ng'ombe, akahubiri majani makavu, akahubiri Yesu zawadi isiyonunuliwa, akahubiri Mariamu asiye na hata blanketi, mpaka wazee wakafuta macho. Amina! Halafu Mama Jeremia akasimama: "Leo korali itatoa sadaka ya kwanza. Tutazunguka kanisa lote, watu waione sare."

Eliza aliganda palepale ukutani, akafumba macho. Mimi nikaona tukibaki wawili tutajulikana, nikatoka kinyumenyume, uso kwa watu, mgongo kwa mimbari, natabasamu, nacheza, na watu wakadhani ni mtindo mpya kutoka Uvira, wakanipigia makofi, na mimi mjinga nikanogewa, nikaongeza mabega (Yesu wangu, mabega ya nini?), na kisigino changu kikakuta lile debe.

Nilijigeuza nijishike mimbari, nikapinduka na lile debe, nikalala kifudifudi, mawese yakaruka mpaka kwenye sare ya Mama Jeremia. Halafu watoto wa shule waliokaa mbele, kwa kuwa wamefundishwa Kifaransa na hawana adabu, wakausoma mgongo wangu kwa sauti moja, na mmoja, kwa kujionyesha, akatafsiri kanisa zima lisikie: "Zawadi! Haiuzwi!"

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Na Pasta, yuleyule wa hori, naye alicheka huku ameshika mimbari asianguke! Mama Jeremia akapiga kelele, siku ya Noeli, ndani ya nyumba ya Mungu, "Sare yangu! Utanilipa! Toka nje, wewe na huyo mwenzako wa gunia!"

Basi Eliza akaachana na ukuta. Alikuja mpaka katikati, akawageuzia mgongo wote, gunia lake likaonekana lote, akasema bila kugeuka, "Pasta, murakoze, asante kwa mahubiri. Si umesema Yesu ni zawadi, hauzwi? Sisi tumevaa neno lako."

Akaanza kuimba, uso ukutani, wimbo wake ule wa Noeli. Kicheko kikaisha. Wamama wakamfuata mmoja mmoja na sare zao mpya, Pasta akainamisha kichwa, Mama Jeremia peke yake hakufungua kinywa, alikuwa anasugua doa. Na mimi je? Niliachwa kwenye mawese mpaka ubeti wa tatu, hakuna hata mmoja aliyenipa mkono!

Tangu hapo niliapa, sare ya Noeli sinunui. Gauni lile bado ninalo, doa halijatoka. Mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipoingia Rumonge tukakimbia tena, niliacha sufuria jikoni na mlango wazi, gauni sikuliacha. Eliza hakufika kwenye mtumbwi.

Kwa hiyo mwaka jana wamama wa korali ya huku walipobisha hodi na kitambaa cha mfano, eti sare, eti Noeli, mwenye hana haimbi, nikawaambia ngojeni hapohapo mlangoni. Nikaingia ndani, nikalivaa, nikawatokea kinyumenyume. Wasome wenyewe.