Mlango Kwenye Nguzo ya Daraja

Fundi picha huyu aliitwa Kidevu, na wala kidevu chake hakikuwa na kasoro. Wateja ndio waliompa jina, maana hakuna aliyekalia stuli ya studio yake asiambiwe, "Inua kidevu. Kidogo. Aa, sasa umezidisha, unatazama dari." Kazi yake ya kutwa ilikuwa hiyo: picha za vitambulisho, picha za wachumba, picha za watoto wanaolia mpaka shati linalowa.

Nyuma ya stuli lilining'inia pazia lililochorwa daraja la mawe, lile la kale lililo huko juu mtoni. Mchoraji alikuwa marehemu baba yake, aliyemwachia studio. Na kwenye nguzo moja ya daraja hilo mzee alikuwa amechora mlango. Mlango, jamani! Mdogo, wa chuma, tena juu kuliko kichwa cha mtu, na ngazi hakuna. Wateja walicheka mpaka wakachoka. "Huu anaingilia nani, samaki?" Kila aliyewahi kupita darajani aliapa kwamba kitu kama hicho hajakiona.

Yangeishia kwenye kicheko, kama si mama yake Kidevu. Kidevu alipokuwa mchanga wa kubebwa mgongoni, baba yake aliondoka nyumbani msimu mzima. Aliporudi alisema alikuwa darajani na mafundi wa mawe, wanaziba nyufa, na usiku wanalala ndani ya nguzo. Ndani ya nguzo! Majirani walikuwa na habari yao nyingine: jamaa ana nyumba ndogo ng'ambo ya mto. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mama akachukua la majirani. Alimpokea mumewe, akampikia, akamfulia, lakini neno tamu hakumpa tena mpaka siku anamzika.

Sasa pazia lilikuwa limechanika. Mke wa Kidevu alitaka jipya, la buluu tupu, lisilo na daraja wala kisa. Kidevu akawa anasitasita, analishika huku na huku kama mtu anayepima kanzu. Mama yake, aliyekaa nao chumba cha nyuma, akachungulia.

"Litupeni," akasema. "Uongo unatunzwa wa nini? Njia ya mwongo ni fupi, ila baba yako njia yake aliichora kabisa, akaitundika ukutani."

Kidevu akaliachia pazia. Ndipo akajiuliza swali ambalo mimi hata sijui kwa nini alilichelewesha hivyo: kwani daraja limehama? Si lipo palepale? Mtu amepiga picha mji mzima, mpaka mbuzi wa watu, halafu hajawahi kwenda kutazama nguzo! Ukweli ni kwamba aliogopa. Mlango usipokuwepo, basi baba yake alikuwa vilevile walivyomsema, na yeye asingekuwa tena na la kumtetea.

Jumapili asubuhi akafunga studio, akavaa kamera shingoni. "Mama Mapacha," akamwambia mkewe, "twende tukanyooshe miguu."

"Miguu yako au shingo yako?" mkewe akajibu, maana alimjua. Lakini akavaa viatu.

Njia ilifuata ukingo wa mto, kwenye kivuli. Maji yalikuwa yamepungua, yanapita baina ya mawe taratibu. Kidevu, aliyezoea watu waliokaa kimya mbele yake, hakujua aanze na kipi. Akapiga picha ya mizizi iliyoning'inia juu ya maji, ya konokono juu ya jiwe, ya ndege mdiria aliyeruka kabla kidole hakijabonyeza.

"Huyo naye hukumwambia ainue kidevu," mkewe akamtania.

Kona ya mwisho, daraja likajitokeza. Lo! Kumbe pazia halikusema hata nusu. Mawe yalikuwa meusi chini, ya rangi ya asali juu, na matao yalijitazama majini. Kidevu akalipiga kwa mbali, akalipiga kwa karibu, kisha akashusha kamera akaanza kukagua nguzo, moja baada ya nyingine. Mlango hakuna. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akifua mikeka ukingoni, bila kumtazama usoni.

"Mlango? Nguzoni?" Yule mama akacheka. "Baba, mimi nafua hapa tangu msichana."

Kidevu akakaa kwenye jiwe. Uso ulimshuka hata mkewe akaacha utani. Alikaa akitazama maji tu, na ni maji hayohayo yaliyomwinua.

"Yanakwenda kulia," akasema.

"Nini?"

"Maji. Hapa yanakwenda kulia. Kwenye pazia yanakwenda kushoto. Mama Mapacha, mzee alisimama upande wa pili!"

Upande wa pili hakuna njia wala mtu wa kufua. Ni kichaka kitupu. Walivuka, wakavua viatu, wakashuka mpaka kwenye mawe ya mtoni, sketi ya mkewe ikichanwa na miiba naye akiilaani miiba hiyo kwa ukoo wake wote. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nguzo ya katikati ilikuwa imefunikwa na mitambaazi. Kidevu akavuta, mkewe akavuta, ikaporomoka yote kwa pamoja, na juu ya vichwa vyao kikaonekana chuma chenye kutu. Mlango. Mdogo, juu, bila ngazi, umeachama kidogo.

"Ee!" mkewe akasema.

Kufika juu asingeweza. Akaifunga kamera kwenye fimbo, akatega ijipige yenyewe, akaiingiza kwenye ule upenyo. Mwanga ukawaka ndani. Alipoishusha wakainamia kioo, vichwa vimegusana: chumba kidogo, vitanda vya mawe vimejengwa ukutani, na moshi wa zamani umeganda kwenye dari.

"Walilala humu," Kidevu akasema. Akacheka, akamkumbatia mkewe katikati ya mto, miguu majini. Furaha yake ilikuwa kubwa hata njia ya kurudi hakuiona.

Jioni ileile akazichapisha picha, bado zina joto akampelekea mama yake. Mama akavaa miwani. Akatazama mlango, akatazama chumba, akarudia mlango.

"Ni daraja hili la hapa juu?"

"Ndilo, mama. Upande wa kichakani."

"Ni mbali?"

"Wala. Asubuhi moja unakwenda na kurudi."

Mama akaziweka picha mapajani. "Aliniomba hiyo asubuhi moja," akasema. "Kila Jumapili. 'Mke wangu, twende nikakuonyeshe.' Nikamwambia sina miguu ya kufuata uongo. Mwisho akaacha kuniomba, akachora."

Kidevu alikuwa ameipeleka haki ya baba yake mbio mbio, hakufikiria anayekwenda kuipokea. Mama yake, aliyemzika mume macho makavu, akaanza kulia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina la ujanani ambalo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kulisikia. Mkewe Kidevu akaenda kukaa naye kitandani. Kidevu alisimama mlangoni.