Chemchemi Isiyokuwemo Kwenye Mkataba

Siku afisa wa kampuni ya michikichi alipofika nyumbani kwetu Kasulo, mama alimtolea pombe ya ndizi, kibuyu kimoja na mirija miwili. Kwetu hiyo si takrima tu. Mkishakubaliana jambo mnakunywa chombo kimoja, na aliyekunywa hageuki tena. Mgeni alikunywa kwa sababu jua lilikuwa kali.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maharage, hivyo kila neno la kampuni lilimfikia kwa sauti ya mwanawe. Walitaka kukodi shamba letu la bondeni kwa miaka mingi. Mama alikuwa na sharti moja: mikuyu inayozunguka chemchemi isiguswe, maana nusu ya kitongoji walichota maji pale.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," afisa alisema. "Chemchemi ni yenu."

Nikatafsiri. Mama akaniangalia, akacheka, akamsogezea kibuyu.

Mkataba niliusoma kabla mama hajaweka dole gumba. Niliusoma mara mbili. Ulitaja mipaka, miche, barabara ya malori. Chemchemi haikuwemo. Nilimvuta yule afisa kando nikamuuliza, naye akanipigapiga begani.

"Mwalimu, hayo ni mambo ya kuelewana. Na yale mabati ya darasa lako tumeshayaagiza."

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la kwanza kwenye banda la nyasi. Mvua ikinyesha, tunarudi nyumbani. Nikanyamaza. Hadi leo sijui kama nilinyamaza kwa ajili ya watoto au kwa uoga wangu wa kubishana na watu wenye magari.

Mabati yalikuja, siwezi kuwasingizia. Msimu uliofuata likaja tingatinga. Mikuyu yote iliondoka asubuhi moja, mifereji ikachimbwa kukausha bonde, na chemchemi ikabaki kidimbwi cha maji ya kahawia yanayonuka dawa ya magugu. Nilikwenda ofisini kwao na hasira ya kupindua meza. Nilimkuta kijana mgeni, mpole kabisa. Aliniamkia shikamoo, akafungua faili, akanionyesha kwamba hawajavunja kifungu hata kimoja. Na kweli hawakuvunja. Wao wana mwanasheria, wana mtaalamu wa mazingira mwenye kofia yenye picha ya jani. Mama alikuwa na mimi.

Siku hizi anavuka kilima kwenda kuchota mtoni, na ndoo ndogo, kwa sababu ile kubwa imemshinda. Nikimwambia nitamnunulia maji, anasema maji ya kununua ni ya wagonjwa. Naumia kumwona anavyopumzika njiani mara tatu, mara nne.

Wiki iliyopita nilimkuta uani na majirani. Mmoja wao alikuwa anasema labda karatasi ile haikuitaja chemchemi tangu mwanzo, tukadanganywa mchana kweupe. Mama alikasirika, na yeye si mtu wa kukasirika.

"Ilikuwemo," alisema. "Karatasi ile aliisoma mwanangu huyu. Isingekuwemo, angeniambia."

Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, ilikuwemo.