Msichana wa Ukutani

Nyumbani kwetu Rumonge ukutani kulikuwa na picha ya dada yangu, msichana wa gauni la njano, amesimama wima kama aliyekemewa. Sikuwahi kumwona. Vita vilipomkimbiza mama kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, mimi nilikuwa tumboni, na dada, mtoto wa kubebwa, alibaki kwa mama mdogo. Picha ililetwa na msafiri wa boti miaka mingi baadaye.

Kila mgeni alionyeshwa. Na wote, wallahi, walimtambua! "Paji la uso la babu hilo." "Masikio yako kabisa, mama." Hata wauza mawese wa kijiji cha Kizuka, waliopita kuomba maji tu, walisema wangemjua popote. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote: nilishika pua yangu, nikawaonyesha na yake.

Mwaka huu mama mdogo alifariki, dada akapiga simu kwamba anakuja. Nikaenda bandarini na picha mkononi, nikachungulia kila uso ulioshuka botini. Hakuna. Nilishaanza kununa, mara mtu akanigusa bega.

"Amahoro. Nimekujua tangu kwenye boti. Unatembea kama mama mdogo."

Nikamtazama, nikatazama picha. Hakuna pua, hakuna paji, hakuna chochote.

Mama alitungoja mlangoni. Alimkagua toka juu hadi chini, kisha akanigeukia mimi. "Umeniletea nani? Huyu si mutoto wangu. Mutoto wangu iko pale ukutani."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Dada, begi bado kichwani, akaitazama picha, akaziba mdomo.

"Gauni ni langu," akasema. "Lakini huyo ni mutoto wa jirani. Siku mpiga picha alipopita nilikuwa nimevimba uso kwa jino. Mama mdogo akaogopa mtalia mkiniona vile, akamuvalisha yeye."

Miaka yote ile! Na pua yangu niliyokuwa nikiitangaza!

Mama akauliza polepole, "Na huyo, iko wapi sasa?"

"Alikufa, mama. Kipindupindu, masika yaleyale."

Mama akapiga yowe ambalo sikulisikia hata siku tuliyomzika baba. Akaanguka mkekani, akamlilia yule mtoto wa watu kwa jina la dada yangu, na dada mwenyewe amesimama mlangoni. Hasira zikanipanda. Nikafungua kinywa nimfokee: mwanao si huyu hapa, mzima? Dada akanikata jicho, nikakifunga.

Akatua begi. Akavua viatu, akaketi mkekani kando ya mama, miguu ameinyoosha, kama tunavyoketi matangani.

"Pole, mama," akasema.

Mama akamwegemea begani, akaendelea kulia.