Magunia Tisa ya Petronila

Petronila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Miaka kumi na miwili alichambua maharagwe ya mbegu kwenye shamba moja kubwa la Karatu, na kila gunia liliposhonwa alimuuliza nyapara Bartolomeo linakwenda wapi. "Melini," alijibu Bartolomeo, basi. Naye Petronila, mzaliwa wa Rhotia asiyewahi kuiona bahari, alibaki kujiuliza hao wanaoyapanda ni akina nani, na kama mvua zao huja kwa wakati.

Mwaka 1982 jibu lilikuja lenyewe, tena kwa gari la serikali. Alishuka Ismaili, afisa wa afya ya mimea kutoka Dar es Salaam, akawakusanya wachambuaji wote arobaini. Alisema mbegu zao zimezuiwa bandarini Ulaya. Wakaguzi wamekuta vumbi la kijivu katika magunia tisa, wakasema ni udongo, na sheria yao ya karantini hairuhusu udongo wa nje. Meli nzima imeamriwa itie nanga mbali na gati, pamoja na kahawa na katani za watu wasiohusika. Balozi wetu ameandika barua kali, wakubwa wa huko wamejibu kwa kali zaidi, na sasa wanatishia kuzuia kila meli itokayo kwetu mpaka wapewe maelezo.

"Asipopatikana aliyetia udongo huo," alimalizia, "shamba linafutiwa kibali, nanyi nyote mnarudi nyumbani."

Petronila alijua ukweli. Haukuwa udongo hata kidogo. Kwao hakuna mwanamke mwenye akili timamu anayehifadhi maharagwe bila majivu, la sivyo yatabunguliwa yaishe. Siku ile ya kushona, aliposikia safari ya melini ni ya wiki nyingi, aliyaonea huruma magunia tisa ya mwisho, akatia kila moja viganja viwili vya majivu kutoka jikoni kwake. Hakumwambia mtu ila Lukresia, mwenzake wa meza moja.

Lukresia alimfinya. "Nyamaza, Mama Marsela."

Angeweza kunyamaza, lakini aliwatazama wenzake, wengine wametoka Singida na watoto mgongoni, akaona aibu. Akasimama.

"Ni mimi, bwana afisa. Ni majivu, si udongo. Nilizuia wadudu."

Ismaili alichomoa mfukoni barua ya wale wakaguzi, akaisoma upya polepole. "Magunia mengine yote yamekutwa na wadudu hai," alisema. "Hayo tisa tu ndiyo hayana hata mmoja."

Petronila alisahau hofu yake yote. "Kwa hiyo yangu wameyapokea?"

"Hapana, mama. Yale yenye wadudu yatapigwa dawa, yapokelewe. Wadudu wamo kwenye sheria yao. Majivu hayamo. Yako wameshayachoma moto."

Maelezo yaliandikwa siku hiyohiyo, kibali cha shamba kikapona, na Bartolomeo, bila kumtazama usoni, akamhamishia Petronila kwenye palizi. Alilia kidogo nyuma ya ghala. Kisha, Ismaili alipokuwa anawasha gari, alimkimbilia na kushika mlango.

"Samahani, bwana afisa, nina swali moja tu. Maharagwe yangu yalipokwisha kuungua, hayo majivu yake wameyatupa wapi?"