Anayekula Mwisho

Kazi yangu ni kusoma walichokula jana wanawake ambao sijawahi kuwaona. Nikiwaeleza watu hivyo kanisani wananitazama kwa huruma, na mzee mmoja aliwahi kuniuliza kama chuo kikuu kizima kimekosa kazi nyingine ya kunipa. Wahenga wenyewe walishaicheka kazi hii kabla sijazaliwa: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mimi nalipwa kulijibu swali hilo.

Wanawake hao ni wakulima wa mpunga mashariki mwa India. Chuo kikuu cha kilimo cha huko kinatuma watafiti wa kike vijijini msimu wa kupandikiza miche, wakati wanawake wanashinda wameinama kwenye tope, ili wawaulize jana ilipitaje: nani aliamka kwanza, nani alichota maji, nani alikula nini. Mazungumzo yanarekodiwa, yanatafsiriwa, kisha yanafika kwenye kompyuta yangu hapa Columbus, katika chumba cha chini chenye dirisha linaloangalia magurudumu ya magari. Profesa anayenisimamia ni mama wa Kihindi aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hiyo. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimeandika "amekula" kwa kila aliyejibu kwamba amekula, akavuta kiti.

"Mwanamke akikwambia amekula, hujaambiwa kitu," alisema. "Hiyo ni salamu tu. Uliza habari za sufuria. Nani alipakuliwa kwanza, akafuata nani, na wa mwisho alipofika palibaki nini. Na usimuulize mbele ya mama mkwe."

Nilipoanza kusoma hivyo, mambo yakageuka. Yule aliyesema amekula "wali na dengu" kumbe alikula wali wa jana uliolowekwa maji, na chumvi, na pilipili mbichi, baada ya mkwe, mume, shemeji na watoto. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa akimlinda mtu: mume asionekane ameshindwa, mkwe asionekane mchoyo. Niliwaonea huruma sana, huruma ile ya mtu aliye mbali, na jioni nikaenda zangu kula.

Kisha mama yangu akazimia kazini, huko Louisville anakoishi na baba. Anafunga maboksi kwenye ghala. Dada yangu alinipigia simu kutoka hospitali: damu ya mama iko chini sana, moyo unasukuma kwa shida, na daktari anasema ikiendelea hivi hatutakuwa tunazungumzia kizunguzungu tena. Walimpa vidonge, wakamwambia ale vizuri. Nyumbani kwetu friji haifungi sawasawa kwa kujaa. Baba, ambaye anafanya kazi kiwandani na hajawahi kuchelewesha kodi ya nyumba, alilichukua neno hilo la daktari kama tusi. Mama naye alishikilia jibu lake moja.

"Nakulaka," aliniambia kwenye simu. "Bon, na weye uko unakula huko?"

Ndivyo alivyo. Ukimtupia swali anakurudishia, na kabla hujajua unamweleza habari za tumbo lako mwenyewe.

Pasaka ikafika. Shangazi, dada yake baba, anaishi Buffalo, upande wa karibu na Lackawanna, na mjukuu wake alikuwa anabatizwa. Baba na mama walitoka Louisville alfajiri, wakanipitia Columbus, tukaendelea kaskazini. Mama alikaa nyuma na kikapu. Kabla hatujatoka mjini, mimi na baba tulikuwa na chapati mkononi, na yai, na kikombe cha chai.

"Na wewe, mama?" nikamuuliza.

"Nilishakula ku nyumba."

Karibu na Cleveland akatoa ndizi. Ndizi nazo alikuwa ameshakula. Aliponyoosha mkono kunipa yangu, niliona pete yake ya ndoa ameizungushia uzi ili isimtoke kidoleni. Niliogopa, na niseme wazi nilichokiogopa: kumzika mama yangu katika nchi yenye chakula kingi hivi.

Buffalo bado ilikuwa na theluji chafu pembezoni mwa barabara, na shangazi akaiombea msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyeileta. Nyumba ilijaa watu. Kesho yake, tukiwa mezani, mimi na elimu yangu yote tukafanya kile tulichokatazwa wiki ya kwanza.

"Mama," nikasema, "jana ulikula nini?"

Mbele ya wifi yake. Vijiko vikasimama. Mama hakusita hata kidogo. Alitaja bugali, sombe la majani ya muhogo, samaki, nyama ya mbuzi, wali, halafu akamrudia samaki. Kama kweli angekula vyote hivyo tungemrudisha hospitali. Shangazi akanigeukia.

"Ju ya nini unauliza vile? Unaona miye namunyima mama yako chakula mu nyumba yangu?"

"Hapana, shangazi. Ni mambo ya masomo tu."

"Basi hayo masomo uyaache ku Columbus."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mama aliinuka akaenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa.

Kwetu mwanaume hafunui sufuria. Sikuwahi kuambiwa sababu. Nilijua tu kwamba mwanaume anayechungulia jikoni ni mlafi au bahili, na mke wake ana kazi. Kwa hiyo tangu milimani kwetu, kisha kambi ya wakimbizi, kisha Louisville, chakula kilinifikia kikiwa kwenye sahani, na sikujua kule kilikotoka kumebaki kiasi gani. Nadhani desturi hiyo ilitungwa na mtu mwenye akili nyingi.

Siku ya ubatizo, wageni walipomaliza kula na kuanza nyimbo sebuleni, niliingia jikoni. Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, amenipa mgongo, na binti wa shangazi alikuwa anapanga soda kwenye trei. Nikafunua sufuria ya kwanza. Tupu. Nikafunua ya pili.

"Muangalie mwanaume anafunua masufuria," binti wa shangazi akasema, akicheka. "Unatafuta nini, kaka?"

Mama akageuka. Sufuria ya tatu alikuwa ameikumbatia kifuani, anakwangua ukoko wa bugali kwa kijiko na kuuchovya kwenye mchuzi uliobaki katika sahani ya mtoto. Mchana ulikuwa umekwenda sana. Nilijua bila kuuliza kwamba hicho ndicho chakula chake cha kwanza siku ile. Binti wa shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaacha kucheka, akachukua trei yake akatoka.

"Mama, ju ya nini?"

"Usiseme kwa baba yako," alisema kwanza. Akaiweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kitenge. "Kule mu kambi nilikuwa nagawa. Nikiona ya kwangu haiko, nasema nilishakula. Mulikuwa batoto, mulikuwa munaamini."

"Lakini hapa chakula iko mingi."

"Najua iko mingi. Si miye njo nanunua?" Alikasirika kidogo. "Lakini nikikaa mbele ya sahani, nasikia kama kuko mutu hajakula. Nasimama, namutafuta. Nikirudi, hamu imekwisha."

Katika kusoma kwangu kote hakuna jibu lililonichoma kama hilo. Nilitaka kulia, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaosha masufuria. Yeye alisimama pembeni akinionyesha sehemu nilizoruka.

Siri yake sikuitunza. Tulipokuwa tunarudi, mama alisinzia kiti cha nyuma, mimi nikiwa kwenye usukani, nikamweleza baba kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake barabarani.

"Donc," akasema, "mutoto wangu ananiambia miye namunyima muke wangu chakula."

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema."

Na kwa kweli nilikuwa nimesema, na nilikuwa nimejisema na mimi, maana sahani yangu ilikuwa ikijazwa sambamba na yake. Tukafika Columbus. Aliniacha mlangoni, akazunguka gari akashika usukani bila kuniaga. Nikabaki pale na begi langu nikifikiri: haya, mama nimemvunjia siri, baba nimemvunjia heshima, na damu haijaongezeka hata tone.

Nilirudi kwa wanawake wangu wa mpunga. Nikawa nasoma polepole kuliko zamani. Siku moja nilimuuliza profesa kama kuna faida yoyote kwa mwanamke kuulizwa mambo hayo halafu watafiti wakaondoka na gari lao. Alisema hajui, ila ameona kwamba swali likishaingia nyumbani, watu wa nyumba hiyo hukaa vibaya kwa siku kadhaa, na pengine huo ni mwanzo, na pengine ni usumbufu tu. Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Wiki ilikuwa haijaisha mama aliponipigia simu, sauti yake kali.

"Umemufanya nini baba yako?"

"Kwani amefanya nini?"

Akanieleza. Tangu watoke Buffalo, akimwekea baba sahani, haigusi. Anakunja mikono. Hasemi neno, hagombi, haombi hata chumvi. Anakaa tu kama mtu anayengoja basi, mpaka mama aketi naye na kula tonge la kwanza. Mwanzoni mama alidhani ni hasira za safari, akamwacha. Baba akaenda kiwandani bila kula. Kesho yake tena hivyo hivyo.

"Batu watasema nini, muzee anaenda ku kazi na njaa?"

"Ukafanya nini?"

"Leo nilikaa. Nikasema, bon, nikule mbio-mbio, na yeye akule." Nikamsikia baba akikohoa karibu yake. "Niliungua ulimi. Sikujuaka kama bugali yangu inakuwa moto vile."