Chupa ya Buluu ya Mudhaibi

Siku ile sikuwa na homa, na nilikuwa nimekunywa kahawa tu. Nawaambieni mapema kwa sababu mke wangu alianza kwa kuniuliza hayo mawili. Mimi ni mtu wa vipimo. Nilirudi Oman, nchi ya babu zangu, kutoka Unguja na begi moja, nikafagia duka la dawa la mtu, nikasoma jioni mpaka nikapata diploma ya ufamasia. Leo nina duka langu mwenyewe hapa Ibra, na diploma imetundikwa mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Kwa hiyo nikisema nimeona, nimeona.

Starehe yangu ni chupa kongwe za dawa. Ninazo zaidi ya sitini majlisi, chumbani kwa wageni: za kikohozi, za mafuta ya kuchua, na zile zilizosifiwa kuponya kila kitu, kuanzia mba mpaka huzuni. Zilikuja masandukuni mwa watu waliokuwa wakienda na kurudi Unguja. Nyumba za udongo zilipohamwa, chupa zikabaki kwenye vishubaka vya kuta. Mimi huzifuata huko.

Nilifika mtaa wa zamani wa mji wa Mudhaibi saa nane mchana, watu wote wamelala. Nikaingia gofu moja lisilo na mlango, na kishubakani nikaikuta chupa ya buluu ya pembe sita, yenye mbavu. Kwa asiyejua, mbavu ziliwekwa ili hata gizani mkono utambue kwamba iliyomo ni sumu. Na kwenye kioo chenyewe zimechomoza herufi za Kizungu zenye maana ya "isinywewe".

"Umeingia bila hodi."

Nikageuka. Kizingitini amesimama bibi mwembamba aliyejitanda kanga. Kiswahili chake kilikuwa kile cha marehemu nyanya yangu, cha mjini Unguja, kisicho na haraka.

"Shikamoo, bibi. Nilidhani nyumba haina wenyewe."

"Marahaba. Umesoma wewe?"

"Nimesoma. Nina diploma ya dawa."

"Diploma unayo, hodi huna."

Nikacheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, kisha macho yake yakaganda kwenye chupa.

"Nisomee hiyo, mwanangu. Nililetwa hapa bibi arusi, nikaja nayo sandukuni. Niliambiwa ni dawa ya Kizungu. Mtoto wangu akashikwa na kifua, na mji mzima hapana ajuaye kusoma maandishi hayo. Nikampa kijiko kimoja. Alfajiri akanifia mikononi. Tangu hapo nangoja mwenye kusoma. Nilimpa sawa?"

Nimewahi kumfukuza kazi mtu aliyekosea kijiko kimoja. Jina langu nimelijenga kwa kutodanganya kipimo hata siku moja. Lakini ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Nikaziziba herufi kwa kidole gumba, kana kwamba angeweza kuzisoma.

"Imeandikwa dawa ya kifua, bibi. Ya watoto. Kijiko kimoja, usiku."

"Kimoja?"

"Kimoja. Ulimpa sawasawa. Ugonjwa ndio uliozidi."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. "Alhamdulillahi," akasema polepole. "Ichukue. Sina kazi nayo tena."

Nikainama kuifunga kwenye kitambaa. Nilipoinuka, kizingitini hapana mtu. Vumbi la sakafuni lilikuwa nene, na nyayo zote zilizokuwemo zilikuwa za viatu vyangu.

Nyumbani niliiosha. Pembe sita zipo, mbavu zipo. Herufi hazipo. Nimepapasa, nimetumia lenzi. Pale zilipokuwa, kioo ni laini kama ganda la yai. Asiyeamini aje majlisi aishike.

Tangu siku hiyo hatoki mtu dukani kwangu mpaka nimwambie dawa yake kwa lugha yake. Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga, anayefanya kazi za nyumbani hapa, alinipa kwa aibu kiboksi kilichoandikwa Kiarabu kitupu. Nilimsomea mara mbili, foleni ikininung'unikia.

Basi nawaonya. Gofu nalo lipigiwe hodi. Na mtu akikunyooshea dawa akasema nisomee, usimwambie una haraka. Msomee angali hai, na mtoto wake angali anakohoa, ili yasikufike yaliyonifika mimi: kusoma uongo, na mpaka leo kutoujutia.